Baki Moja katika Nchi ya Jumla

Siku Salha alipobisha hodi kwenye lango la nchi ya Jumla, hakuna aliyemtarajia, na kwa sheria za nchi ile hilo lilikuwa kosa lake, si lao.

"Wageni wanaotarajiwa mwaka huu wameshafika," alisema mlinzi wa lango, kijana mrefu aitwaye Chande, ambaye muda wote alikuwa amempa mgongo. "Wewe ni ziada. Rudi ulikotoka, utarajiwe, kisha uje."

"Nitatarajiwaje na hamnijui?"

"Ndiyo maana tunakushauri usije."

Salha hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uleule, shahada yake ya takwimu bado inanukia wino, na tangu mwaka wa kwanza alikuwa akiisikia Jumla ikisifiwa madarasani. Nchi nyingi zilipokea wakimbizi na nyingi zilitoa taarifa, lakini taarifa za Jumla zilikuwa na usafi wa pekee. Hazikuwa na tarakimu iliyokatwa wala kufutwa. Salha aliamini, kwa moyo wake wote mlaini, kwamba wote waliofukuzwa makwao wakihesabiwa vizuri, dunia itaona haya na kufungua milango. Alikuja Jumla kujifunza namna ya kuitia dunia haya.

Alipoitaja shahada yake, mlinzi aligeuza shingo kidogo, bila kumtazama.

"Unajua kugawanya?"

"Najua."

"Kwa kumi?"

"Hata kwa kumi na saba."

"Kumi inatosha. Sasa sikiliza, dada. Lango la watu limefungwa, lakini la vifaa li wazi, na Idara ya Huruma imepungukiwa mgawanyaji. Ukikubali kuingia kama kifaa, ingia."

Basi Salha akaingia Jumla akiwa ameorodheshwa katikati ya rula na chupa ya wino. Alicheka sana siku ile. Aliona ni kisa kizuri cha kuwasimulia wenzake atakaporudi.

Ofisi ya Idara ya Huruma ya Jumla ilijengwa ikiuegemea ukuta wa mpaka, na katika ukuta huo palikuwa na tundu la ukubwa wa sikio. Waliofika walipita nje na kutaja idadi yao. Mwenye kalamu alikaa ndani akaandika alichosikia. Sheria ya kwanza ya Idara ilisema kwamba anayehesabu asimwone anayehesabiwa, maana jicho lina upendeleo. Chande alimweleza Salha kuwa mwenye kalamu wa kabla yake aliondolewa kwa kuchungulia.

"Alichungulia mara moja tu. Akaandika neno 'maskini' kwenye safu ya tarakimu. Ukurasa mzima ukaharibika."

Mkuu wa Idara, Mheshimiwa Dachi, alikuwa mzee mnene mwenye sauti laini na leso tatu mfukoni. Alimpokea Salha kama baba anayempokea binti kutoka bwenini.

"Binti yangu," alimwambia, "nchi nyingine zina huruma ya rejareja. Leo zinamhurumia huyu, kesho zinamsahau yule. Rejareja ni ghali na haina mpango. Sisi tunahurumia kwa jumla."

"Na mtu mmoja akija na shida yake, mheshimiwa?"

"Mtu mmoja ni rejareja," alijibu kwa upole.

Wala hakuwa akisema tu. Kila jioni alipanda roshani akaisoma jumla ya siku mbele ya wananchi, na wananchi walilia. Walilia kweli, mabega yakitikisika. Idadi ikiwa kubwa wapo waliozimia, na wauza leso walijipanga pembeni wakijua biashara ipo. Jioni yake ya kwanza pale Salha alilia nao, akafurahi kuwa ameifikia nchi yenye moyo. Wakati watu wakitawanyika, alimwona mama mmoja aliyevaa vizuri akijifuta machozi ya jumla ya siku ile, huku akimwambia ombaomba aliyekaa njiani, "Nipishe tafadhali, sioni kwa kulia."

Yako mengine aliyoyaona akayanyamazia. Utafiti mmoja wa Idara ulikuwa umeonyesha kwamba mkimbizi wa wastani anafika na kiatu kimoja na nusu. Baraza lilijadili matokeo hayo kwa uchungu mkubwa, likaamua kwa kauli moja kwamba kila mkimbizi apewe nusu kiatu, ili wote watimize jozi. Viatu hivyo vilishonwa kwa ngozi nzuri, vikagawiwa kwa sherehe.

Lakini sheria iliyotawala zote ilikuwa ya kumi. Sufuria za uji za Jumla zilikuwa za watu kumi, mabweni ya watu kumi, vibali vya watu kumikumi. Kila kundi lililofika liligawanywa kwa kumi, na yeyote aliyezidi aliitwa baki. Baki hakuingia.

"Lakini kesho wakija wengine," Salha alimuuliza Chande, "si mnamjumlisha nao? Sisi shuleni tulifundishwa: andika tano, beba moja."

Chande alicheka mpaka akaegemea lango. "Kwenu mnabeba? Hapa habebwi mtu, dada. Baki ya jana ni ya jana, imeshasomwa roshani."

"Sasa wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda. Sisi tunahesabu wanaofika."

Hapo ndipo Salha angeweza kusema kitu. Lakini msomi ana namna yake ya kunyamaza: husema bado anajifunza. Alirudi kwenye kiti chake, akagawanya. Kundi baada ya kundi lilipita nje ya ukuta, naye mwishoni mwa kila hesabu aliandika baki kwa mwandiko mzuri, akaipigia mstari chini.

Asubuhi moja likaja kundi lililokimbia bonde lililochomwa moto. Salha hakuwaona, alisikia vishindo, vikohozi, na sauti zilizokauka vumbi.

"Anayefuata!" Chande aliita.

"Watano!"

"Anayefuata!"

"Tuko wawili."

"Mmoja."

Zikasikika pumzi za mtu aliyechoka sana, kisha sauti ya mwanamke kijana ikasema, "Pili."

Salha akaandika mbili. Kalamu haikusita hata kidogo.

Walipomaliza akajumlisha: arobaini na mmoja. Akagawa kwa kumi: nne, baki moja. Mwandiko ulimpendeza siku ile, akaipigia ile baki mistari miwili. Kengele ikalia, na Chande, akiwa amewapa mgongo kama ilivyo sheria, akafungua lango, akawaacha wapite, akamfungia wa mwisho.

Jioni Mheshimiwa Dachi aliwasomea wananchi habari za bonde lile na watu wake arobaini na mmoja. Leso zilikwisha sokoni.

Kesho yake, kabla kazi haijaanza, tundu likaongea.

"We mwenye kalamu."

Salha aliruka kidogo kitini. Sheria ilikataza kuona, kusikia haikukataza. Na kwa kuwa sauti ilikuwa ya mtu mzima, ulimi wake ukatangulia akili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe kalamu ya huku ina adabu! Mie naitwa Bi Nyamizi. Nimeambiwa mie ni baki."

"Ndiyo, bibi."

"Basi nisaidie, mwanangu, Kiswahili changu cha kizee. Kama mie ndiye baki, mbona nakatazwa kubaki?"

Salha alikuwa amelitumia neno lile tangu darasa la tatu na halijawahi kumuuliza swali.

"Ni neno la hesabu, bibi," alisema hatimaye.

"Aa. Mie nilidhani ni neno la watu."

Bi Nyamizi akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayeokoa nguvu. Alieleza kuwa alikuwa wa mwisho kwa sababu aliwaambia wenzake watangulie. Miguu yake ilikuwa imeumuka kama maandazi, akaona haya kuwachelewesha wenye watoto. Hakuomba uji. Hakuomba kitanda.

"Nina binti huko ndani," alisema. "Mimba yake ya kwanza, na tumbo limeshashuka. Dada yake alibaki njiani."

"Alibaki wapi?"



"Alibaki njiani, mwanangu," Bi Nyamizi alirudia polepole, na Salha akaelewa kuwa kumbe kuna baki nyingine ambayo hakufundishwa. "Nimebakiwa na huyu mmoja. Nilimwambia siku ikifika nitamshika mgongo. Nifikishe kwa siku hiyo tu. Baadaye mkitaka mnirudishe huku nje, kama hesabu yenu inanipenda sana."

"Nakuahidi, bibi. Utakuwapo."

"Usiahidi kwa haraka. Huko ndani kuna watu wema wengi. Jana nimewasikia wakilia."

Salha aliomba ruhusa ya muda mfupi, akapanda mteremko hadi bweni la nne, walikopelekwa watu wa mwisho wa kundi lile. Mlango wake ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa kabari ya nusu kiatu. Msimamizi, mama mmoja mkakamavu aitwaye Sihaba, alikuwa akitandika kitanda kilichokuwa kitupu, akinyoosha shuka kwa kiganja.

"Huyu yuko wapi?" Salha aliuliza.

"Huyu nani?"

"Mwenye kitanda hiki."

"Ni wa kumi," alisema Sihaba. "Hayupo, lakini yumo. Taarifa inasema bweni la nne lina watu kumi. Kwa hiyo asubuhi nampakulia uji, na jioni naumwaga."

"Mama, nje ya lango amekaa mtu. Mbona asiitwe alale hapa?"

Sihaba alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Yule ni baki. Huyu ni wa kumi. Ni watu wawili tofauti, binti."

Kwenye kona, mwanamke kijana alikuwa amesimama ameshika ukuta kwa mikono miwili, akipumua kwa mdomo. Salha aliitambua ile pumzi kabla hajaitambua sura, maana sura hakuwahi kuiona.

"Wewe ni binti wa Bi Nyamizi?"

Uso wa yule dada ulifunguka. "Umemwona mama?"

"Nimemsikia," Salha alijibu, na jibu hilo likamtia aibu. "Unaitwa nani, dada?"

"Pili."

Salha aliuliza swali ambalo tayari alilijua jibu lake. "Jana pale langoni, ulipoitwa, ulisema nini?"

"Walisema anayefuata. Kwetu mtu akiitwa mlangoni hutaja jina. Nikataja jina langu." Pili alimwangalia kwa wasiwasi. "Nilikosea?"

"Hapana," alisema Salha. "Hukukosea wewe."

Kumbe walikuwa arobaini. Arobaini kamili, makumi manne, hakuna aliyezidi. Mtu wa arobaini na moja alizaliwa katika kalamu yake, na kwa ajili ya mtu huyo asiyekuwapo, bibi mwenye miguu iliyovimba alifungiwa lango usoni, na uji wake ukamwagwa jioni. Kilichomuuma Salha zaidi, kwa sababu aibu haichagui jambo kubwa, ni ile mistari miwili. Alikumbuka alivyoinamisha kichwa kuitazama kama imenyooka.

Mheshimiwa Dachi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa leso ya kwanza.

"Kwa hiyo unasema walikuwa arobaini."

"Arobaini, mheshimiwa. Kosa ni langu. Mwite bibi aingie. Kitanda chake kimetandikwa."

"Lakini mimi nimeshasoma arobaini na mmoja. Watu wamelia arobaini na mmoja. Nikiwaambia ni arobaini, machozi ya yule mmoja nitawarudishiaje?"

Hata hivyo aliitisha Baraza mchana uleule, kwani hakuwa mtu mbaya. Kwa jumla alikuwa mtu mwema sana.

Wajumbe walijaa, wakalijadili jambo lile kwa uzito wote. Mmoja alipendekeza Pili atamkwe kisheria kuwa watu wawili, apewe na vitanda viwili, ili tarakimu ipate haki yake. Mwingine alipinga, akisema hilo litafungua mlango kwa kina Tatu na kina Nne, na ni nani atakayewalisha. Mjumbe mzee mwenye ndevu alisimama, akasubiri ukumbi utulie.

"Waheshimiwa, tunagombana bure. Huyu dada si ni mjamzito? Basi takwimu yetu haikukosea. Imewahi tu! Tusubiri ajifungue. Watakuwa arobaini na mmoja wa kweli, na yule bibi atakuwa baki halali."

Ukumbi ulipiga makofi. Mheshimiwa Dachi mwenyewe alitikisa kichwa kwa faraja. Salha akaelewa: mtoto akizaliwa kabla Bi Nyamizi hajaingia, uongo wake utageuka kweli. Na kweli ile hakuna atakayeweza kuifuta, maana haitakuwa na kosa lolote.

Wakati huohuo Sihaba akatokea mlangoni, jasho likimtiririka. "Samahanini. Yule binti wa bweni la nne uchungu umemshika. Anamlilia mama yake."

"Hesabu inatimia!" alishangilia yule mjumbe mwenye ndevu.

Salha alisimama. Hakuwa na ruhusa ya kusema ukumbini, lakini pia kiti au rula haviombi ruhusa.

"Waheshimiwa, mnahitaji mtu mmoja. Huyu hapa."

"Wewe ni kifaa," alisema karani wa Baraza.

"Ndiyo maana sijahesabiwa popote. Nihesabuni leo. Wale arobaini wakae wote ndani, na baki niwe mimi. Tarakimu haitabadilika hata moja, wala hakuna machozi ya kurudisha."

Ilikuwa wazi kwamba hesabu ile ni safi, na watu wa Jumla hawakuweza kuikataa hesabu safi. Mheshimiwa Dachi peke yake alionekana kutaabika.

"Binti yangu, unajua unachosema? Ukishakuwa baki, hata lango la vifaa halikufungukii tena. Cheti cha Jumla hupati. Vijana wa rika lako wako tayari kuuza ng'ombe wa baba zao kwa cheti hicho! Na kwenu utakwenda kusema nini?"

Salha alimfikiria baba yake, aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kuwa mwanawe yuko Jumla. Aliifikiria ile njia ya kurudi, na maswali yatakayomngoja mwisho wake.

"Nitasema nilikosea kuhesabu."

"Na mtoto?" aliuliza mtu nyuma. "Mtoto akizaliwa si tutazidi tena?"

"Mtoto ni wa Idara ya Vizazi," alisema Mheshimiwa Dachi. "Atazaliwa kwenye taarifa ya mwaka ujao."

Wakapiga kura kwa furaha. Salha alipokuwa akitoka alimwona Mkuu anajifuta jicho, kisha akaitazama ile leso kwa mshangao, kama mtu aliyejikuta amelia rejareja.

Alishuka mbio hadi langoni. Chande alikuwa ameshapata amri, alifungua lango, uso ukiwa ukutani, akasema, "Mpishane. Mmoja aingie, mmoja atoke."

Ndipo Salha alipomwona Bi Nyamizi kwa mara ya kwanza. Kwa sauti ile alikuwa amemdhania mwanamke mkubwa wa mwili. Alikuwa mdogo, mkavu, kanga imefungwa kifuani kwa fundo kubwa, na miguu yake kweli ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Nayo macho yake yalikuwa yanamcheka Salha.

"Wewe ndiye kalamu? Mbona mtoto mdogo!"

"Shikamoo, mama. Nenda upesi. Bweni la nne, kule juu. Ameshaanza."

Bi Nyamizi alivuta hatua, akavuta nyingine, akasimama akishika jiwe la lango. Kutoka juu ya mteremko ilisikika sauti ya mwanamke akiita. Yule bibi alijaribu tena, na safari hii goti lilikataa kabisa. Kicheko kilitoka machoni mwake. Alikuwa amelivuka lango, na bado hakuwa amefika.

Salha aliinama mbele yake. "Panda mgongoni, mama."

"Dada," Chande alisema kwa sauti ya chini, "usinitie matatani. Wewe sasa ni baki, na baki hana ruhusa ya kuwa ndani. Na nilikwambia, hapa habebwi mtu."

"Andika tano," Salha alisema, huku akiikamata vizuri mikono myembamba ya bibi shingoni mwake, "beba moja."

Chande aligeuka. Alimtazama yule bibi mgongoni, miguu yake ikining'inia kama ya mtoto, na huenda ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kumwona pale langoni. Kisha akageuza uso wake kwenye ukuta.

"Sheria inasema nisitazame," alisema. "Basi mie sitazami."

Bi Nyamizi alikuwa mwepesi, lakini mteremko ulikuwa mkali, na Salha hakuwa amezoea kubeba kitu kizito kuliko vitabu. Njiani bibi alikuwa akimsemesha sikioni, sasa akimhimiza, sasa akimtania kwamba punda wa kwao hawahemi hivyo. Mlangoni pa bweni Sihaba alisimama akitaka kusema jambo kuhusu taarifa. Aliutazama mzigo wa Salha, akakitazama kile kitanda cha kumi, akasogea pembeni. Salha alimtua bibi taratibu. Aliona mkono mmoja wa Pili ukimtafuta mama yake hewani, ukaupata. Hakuona zaidi. Aligeuka, akashuka, akatoka, na lango likafungwa nyuma yake.

Nje alikaa mahali palepale alipokuwa amekaa Bi Nyamizi, chini ya tundu, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Alikuwa amedhani kwamba atakapoitimiza ahadi yake aibu itamtoka, kama vumbi linavyotoka kwa maji. Haikutoka. Badala yake ilimletea wengine: zile baki za siku zote za kabla ya hapo, ambazo hakuziahidi lolote kwa sababu hazikumsemesha. Kila moja ilikuwa imekaa pale alipokaa yeye, kisha ikaenda zake. Alijaribu kuzikumbuka sauti zao. Alizikumbuka tarakimu tu, na mistari aliyozipigia.

Kivuli kilikuwa kimehama na jua limempata magotini, tundu lilipoongea.

"We usiye na kalamu."

Alinyanyuka haraka mpaka akajigonga. "Bibi? Umefikaje hapo?"

"Huyu kijana wa lango amenikokota mpaka kwenye kiti chako. Anasema haoni. Mbona kipofu huyu anajua njia vizuri! Nimekuja kukwambia: nilimshika mgongo. Nilikuwapo."

"Na mtoto?"

"Mzima. Wazima wote wawili. Wa kike, ana kelele huyo, ananishinda mimi."

"Mmemwita nani?"

Bi Nyamizi alijibu polepole, kama asubuhi alipoitaja njia.

"Mosi," alisema. "Jina la khalati yake, dada yake Pili. Yule aliyebaki." Kisha ile sauti ya utani ikarudi polepole, kama mtu anayejaribu mguu unaouma. "Tena ni jina zuri kwa nchi hii, mwanangu. Siku akiitwa langoni akalitaja, hata mwandishi asiyemwona ataandika sawasawa."

Salha alicheka, kisha akajifunika uso kwa viganja ingawa hapakuwa na wa kumtazama, akaegemeza kichwa ukutani. Juu ya mteremko, kutoka bweni la nne, sauti ilikuwa ikimfikia, nyembamba, yenye hasira, ya mtu mmoja: Mosi alikuwa akilia, rejareja.